Sauti ya Anguyo

Jumanne asubuhi Candiru alikuwa akimenya muhogo nyuma ya nyumba yake huko Ayivu, mbuzi wa jirani walipoingia shambani. Akafungua kinywa awafukuze, ikatoka sauti ya marehemu mume wake, Anguyo, aliyekuwa sajenti. Mbuzi wakajipanga mstari mmoja, wakatoka. Candiru akaendelea na kazi yake, maana muhogo unataka kuanikwa mapema.

Sauti hiyo ilikuja kwa Kiswahili tu. Akisema Kilugbara, alisikika yeye mwenyewe, sauti nyembamba ile ile ya kwaya. Akisema Kiswahili, lugha ambayo Anguyo aliitoa kambini na kuagizia chai nyumbani, alisikika Anguyo, pamoja na kikohozi chake cha sigara. Majirani walimsalimia marehemu kwa heshima, wakamuuliza habari za huko. Candiru akajibu kwamba huko hakuna kodi.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Sokoni Arua bei ya chumvi ilishuka kabla hajamaliza kuuliza. Rafiki yake Rosina, mchuuzi wa samaki wakavu kutoka Sudan Kusini, alimpakia kwenye boda mpaka Koboko, ambako wanaume watatu walikuwa wameikalia meza ya biashara ya Rosina. Candiru akawaamkia tu. Wakahama, na mmoja akaifuta meza kwa shati lake. Wanawake hao wawili walirudi wakicheka mpaka mbavu zikauma.

Lakini kilichomkosesha raha Candiru ni shamba. Shemeji yake, Adrabo, alilitaka, akidai kwamba mjane hurithi sufuria, si udongo. Ijumaa kamati ya ardhi ya kijiji ikaketi. Candiru akaeleza kwa Kilugbara kwamba amelilima miaka kumi na minne, na miti yote ya mpakani ameipanda kwa mikono yake. Katibu alikuwa akitafuta mtandao kwenye simu. Candiru akanywa maji, akarudia maneno yale yale kwa Kiswahili. Wajumbe wakasimama. Adrabo akavua kofia. Hazikupita dakika tano, shamba likawa limeandikwa kwenye daftari kuwa ni mali ya Anguyo.

Candiru akawakumbusha kwamba Anguyo amekufa, na kwamba mwenyekiti mwenyewe, Mzee Draku, ndiye aliyechimba kaburi.

"Ndiyo, mimi nilichimba," Draku akasema. "Lakini mutu iko naongea. Tunaandika yeye."

Adrabo akatabasamu. Sauti ni sauti, siku moja ingenyamaza, na ndugu wa pekee wa Anguyo alikuwa yeye. Candiru aliliona tabasamu hilo. Hakuwa na shamba jingine, wala kwao hakukuwa na mtu wa kumpokea.

Akakohoa kile kikohozi cha sigara, akasema kwa sauti iliyotikisa vikombe vya chai:

"Futa jina yangu. Andika Candiru. Shamba iko ya yeye. Yeye ndio nalima."

Katibu alikuwa ameshainua kalamu. Draku akamshika mkono, akafunga daftari taratibu, kisha akamtazama Candiru kwa huruma ya kweli.

"Masikini Anguyo," akasema. "Kufa imeharibu yeye. Sasa iko naongea kama mwanamuke."