Podo ya Kanisa la Sosiot

Mimi hasira zangu ziko karibu, na mwisho wa Novemba 1996 zilikuwa mlangoni kabisa. Kisima chetu hapa Sosiot kilikuwa kimebaki tope tupu, kwa sababu Mzee Johana, mwenye shamba lenye kisima na mwenyekiti wa kanisa letu, alikizungusha miti ya bulugam, ile mikaratusi. Bulugam inakunywa maji usiku na mchana, haishibi. Sisi akina mama tukawa tunapanda mlima na madebe kutoka mtoni, migongo ikilia.

Basi kamati ya Krismasi ikakutana kuchagua mti. Onsongo wa duka akataka tununue wa plastiki. Wengine wakasema tukate saipras kwa ua, kama kila mwaka. Nikasimama.

"Saipras ikikatwa, Boksing Dei imekauka, tunatupa. Plastiki nayo haioti mahali. Tuweke podo, mti wa msitu wetu, ikiwa hai na mizizi yake kwa debe. Krismasi ikiisha tunaipanda kisimani, ishike udongo, ilete kivuli, maji yarudi. Na hizo bulugam zitoke!"

Johana akacheka mpaka kofia ikaanguka. "Mama Kipruto, podo yako ikifika Krismasi ikiwa hai, nitakata bulugam zote mimi mwenyewe. Ikikufa, sitaki kusikia habari ya kisima tena."

Nikakubali. Tukaiweka mbele, kati ya kwaya na benchi ya wazee. Jumapili ya kwanza ilipendeza. Ya pili, ncha za juu hazikuwako. Ya tatu, podo ilikuwa bapa juu kama meza. Nikapandwa na mori! Nikamwambia Dorcus, anayefagia kanisa, mbele ya watu wote, kwamba anaacha mlango wazi na mbuzi wake anaingia. Dorcus akalia, akaapa mbuzi yuko kwa kamba. Sikumwamini hata kidogo.

Jumapili iliyofuata nikakaa kando ya podo kuilinda. Mahubiri yalikuwa marefu, si mchezo. Macho yangu yote yalikuwa kwa Dorcus. Mara nikasikia ngumi yangu imejaa kitu. Nikaifungua. Vichipukizi vya podo! Majani mawili na ncha, safi kabisa, vya kupimwa na karani wa majani ya chai bila kurudishwa kimoja.

Yesu wangu! Miaka ishirini nachuna chai, kama karibu kanisa lote hili, na mkono haukuniuliza.

Nilisikia aibu hadi miguuni. Nikasimama katikati ya mahubiri. "Dorcus, nisamehe. Mbuzi ni mimi."

Halafu Chepkirui wa kwaya akafungua kiganja chake: kijani. Jirani yake pia. Benchi nzima ya sauti ya kwanza, mikono imejaa. Mwishowe Mzee Johana akakohoa, akatoa konzi nzima kwa mfuko wa koti.

"Hata mimi," akasema. "Nilidhani nimeshika Biblia."

Kanisa likaanguka kwa kicheko. Yeye akainama, akaangalia podo kwa makini. Kando ya kila ncha iliyochunwa, macho mapya ya kuchipua yalikuwa yanatoka.

"Kanisa lote tumeichuna mwezi mzima, na bado inataka kuishi," akasema, na hakuwa anacheka. "Mama Kipruto, kesho nakuja kisimani na msumeno."

Nililia pale pale kwa furaha. Dorcus akanipa leso yake nipanguse machozi. Kuhusu kunisamehe, akasema, tutaongea maji yakirudi.