Kompyuta Iliyokatazwa Kungoja

Joram alisifiwa sana wiki ile, na sifa, jamani, humpumbaza mtu. Kazi yake ilikuwa kuangalia kompyuta za matangi makubwa ya maji chini ya jengo moja refu la mji wa Lusail, ughaibuni. Mlango wa kuingia tangini ulikuwa na kompyuta yake, wa kutoka na yake, na kila moja ilituma ujumbe kwa njia yake hadi kwa kompyuta ya pampu za kuyajaza. Zamani kila ujumbe ulibeba namba. Kompyuta ya pampu haikuuamini wa pili kabla ya kuupata wa kwanza, ilingoja.

Mudiri wao, bosi asiye na subira hata ya kumeza mate, alichoka kungoja.

"Yalla, Joram! Mtambo wako umelala!"

Basi Joram akaiondoa subira ile. Sasa ujumbe ukifika tu, unaaminiwa. Skrini ikawa nyepesi, mudiri akampigapiga begani, naye akarudi mtaani kwake, Fereej Bin Mahmoud, kifua mbele. Hata Mutai, mume wa dada yake Milka, alimnunulia chai ya maziwa kumpongeza. Joram ndiye aliyemtafutia Mutai kazi ya kusugua matangi hayo.

Leo, baada ya chakula cha mchana, Mutai alimpigia simu akiwa mlangoni pa tangi.

"Shem, nilikuwa nimetoka kukunywa maji. Saa hii narudi ndani, imebaki kona moja tu. Huko network hakuna, so usinitafute."

"Sawa, shem. Maliza twende home."

Punde skrini ikaandika: Mtu ameingia. Chini yake ikaandika: Mtu ametoka. Tangi halina mtu. Pampu ziwashwe.

Joram alitaka kucheka. Kona gani hiyo inayosuguliwa kufumba na kufumbua? Kisha akaisoma tena. Kutoka kule kulikuwa kwa zamani, kwa kwenda kunywa maji. Ujumbe wake ulikwama njiani, ukafika nyuma ya ule wa kurudi ndani. Akaogopa kama hajawahi kuogopa. Akabonyeza Simamisha.

Pampu zimesimama, skrini ikajibu.

"Asante Yesu," akasema, akatoka mbio kwenda kumtoa shemejiye kwa mkono wake mwenyewe. Mchuma janga hula na wa kwao, lakini yeye leo alikuwa ameokoka.

Alikuwa katikati ya ngazi aliposikia mngurumo. Ukuta ukatetemeka. Joram akashika kichwa, maana alielewa hapo hapo, na kuelewa huko hakukuwa na faida yoyote. Amri yake ya kusimama ilikuwa imetangulia. Ilizikuta pampu bado zimezimwa, ikajibiwa kwamba zimesimama. Amri ya kuwashwa ilikuja nyuma yake, ikaaminiwa kwa sababu ndiyo iliyofika mwisho. Yeye ndiye aliyeifundisha kompyuta kuamini hivyo.

Kitufe kilikuwa juu, Mutai alikuwa chini. Joram akashuka, akiruka ngazi, akiliita jina lake.

Milango ya tangi ilikuwa imejifunga yenyewe, kama inavyopaswa kujifunga tangi likiwa halina mtu. Kwa ndani mtu alikuwa akigonga.