Mwiko wa Samaki

Ummulkheir aliposhuka kwenye gari la moshi kutoka bara, mamake, Mwanakuu, alimjua kwa mwendo tu. Shingo haikuwa ile aliyoolewa nayo. Lilikuwa limemtoka rovu, utadhani amemeza embe likamkwama njiani. Mumewe Zein, mwenye duka huko bara, alimleta Mombasa atibiwe.

"Akipona tu, mama, nitakuja kumchukua."

Hilo "akipona tu" Mwanakuu alilimeza kwa shida.

Basi mtaani kwao Kibokoni na samaki, tena! Asubuhi mkate wa mofa na papa, mchana changu wa kupaka, usiku kamba. Miezi ikipita, shingo ikaanza kunywea. Jirani yao, Bi Afaf, akaipapasa, akacheka. "Hiyo ni kazi ya bahari! Mtu wa bara akishuka pwani akala samaki, rovu hujiondokea."

Alisema kweli. Samaki wa baharini ana madini joto, nayo machache tu hutosha. Mwili ukiyakosa, shingo hutuna. Jina hilo hawakulijua zamani zile, lakini faida yake waliiona kwa macho.

Mwanakuu hakucheka. Tangu arusi ya bintiye, nyumba ilikuwa kimya mno. Jioni akapika kunde kavu. "Yule mganga wa Kuze amekuwekea mwiko, mwanangu. Usile cha baharini."

Ummulkheir akaushika mwiko. Harufu ya papa wa jirani ikipanda, alifumba macho akaivuta. Siku moja wakichambua kunde, alisema, "Kitendawili!"

"Tega."

"Yumo majini usiku na mchana, na udhu hana."

Mwanakuu alilijua jibu. "Nimeshindwa. Nakupa Lamu."

"Lamu siitaki, mama. Nataka jibu."

Shingo ikatuna tena. Ikawa akipanda ngazi husimama katikati, ameshika ukuta, pumzi zikimpiga mluzi. Mwanakuu alimsikia akiwa juu. Hakungoja wa kumtuma. Alijitanda leso, akaenda kununua samaki mwenyewe, akampika, akamweka mbele ya mwanawe.

"Kula."

"Na mwiko?"

"Mwiko niliuweka mimi. Ukipona utaondoka, nami..."

"Nilijua. Mganga wa Kuze alikufa kabla sijaolewa. Matangani tulikwenda pamoja, umesahau?"

"Ewe mtoto! Mbona basi ukala kunde zangu?"

"Hamu ya samaki ninayo, mama. Yako ya kukaa nami ilizidi."

Mwanakuu akambandulia mnofu wa shavuni, ule mtamu, akamtia kinywani. "Tafuna, usinilize."

Zein alipokuja miezi baadaye, shingo ya mkewe ilikuwa laini kama ya mwari. Mwanakuu akawafungia kikapu cha ng'onda, samaki wakavu wa kula huko bara. Zein akakipima kile kikapu kwa mkono.

"Mama, mbona kidogo hivi?"

"Wakiisha, usitume mtu," alisema Mwanakuu, akimtazama bintiye. "Mlete mwenyewe aje achukue wengine."