Ufa Uliofutwa

Picha ilipotokea ukutani, Suqin aliijua mara moja. Ilikuwa kazi yake: kompyuta ikionyesha namna maji ya bwawa linalopangwa yatakavyoteremka ndani ya udongo wa njano wa mlima wao. Ila rangi ya buluu, yaani maji, ilikuwa imeishia juu juu. Ufa wa mlimani aliouchora haukuwepo.

"Udongo wenu haujashiba maji," Profesa Meng aliwaambia wanakijiji waliojaa darasani. "Unayanywa taratibu na kuyashikilia. Hayafiki kwenye nyumba. Na hesabu hizi ni za binti yenu, Hao Suqin."

Watu wakampigia makofi. Wiki iliyopita Profesa alimwomba Suqin faili la picha hiyo, eti arekebishe rangi tu, naye akampa kwa moyo mweupe. Mtu aliyemlea kwenye kazi tangu mwaka wa kwanza wa chuo, angemshuku kwa lipi? Katika picha yake yeye, maji yaliingia kwenye ufa, yakaupita huo udongo wenye kiu bila hata kuulowesha, yakatua juu ya dari ya Bibi yake. Nyumba za pale zimechimbwa ndani ya mlima, na ya Bibi iko chini ya bwawa kabisa.

Akasimama. "Mwalimu, ufa uko wapi?"

Profesa akainamia viatu vyake. Aliyejibu ni Genwang, mwenyekiti wa kijiji, baba yake mdogo Suqin.

"Ufa tulishauziba, wewe. Nilimwambia Profesa autoe pichani. Tumejaza udongo tukautwanga kwa magogo mpaka ukawa sakafu. Hebu kaa."

"Mmeziba mdomo, Ba'mdogo. Tumbo mmelijaza?"

Watu wakacheka. Mlimani kwao kila mtu huziba nyufa hivyo, juu tu, kisha analima na kusahau. Genwang hakuwa amesahau. Mwaka jana tu ndama wake alititia kwenye ufa wa namna hiyohiyo, na aliyemvuta kwa kamba ni yeye.

"Matufaha yanakauka kwa kukosa maji," akasema kwa sauti ya chini. "Wewe mwenzetu unakula mjini. Wanaokubali bwawa, mikono juu."

Mikono ikanyooka. Kule mbele, karibu na jiko la makaa, Bibi naye akanyoosha wake.

Suqin akaenda kuchuchumaa mbele yake. "Bibi, hata wewe?"

"Genwang kaniambia hesabu ni zako. Ningekukataa wewe?"

"Wamezichezea, Bibi. Zangu zinasema dari yako itaanguka."

Hakungoja ruhusa ya mtu. Alitoka, akashuka hadi nyumbani kwa Bibi, akaanza kukunja blanketi. Bibi akafika nyuma yake, pumzi juu juu, akaketi ukingoni mwa kitanda cha udongo, kile kinachowashiwa moto kwa chini.

"Huyo profesa mimi simjui," akasema. "Lakini Genwang anajua nalala hapa."

"Anajua."

"Na habari za ufa?"

"Anazijua pia, Bibi."

Bibi akapapasa kitanda, kilikuwa bado na joto la moto wa asubuhi. "Genwang nilimzaa hapa hapa," akasema.

Kisha akainuka, akampa Suqin mto wake. "Chukua na huu. Nisije nikapata sababu ya kurudi."