Udongo wa Nyuma ya Jiko

Asubuhi nilikuwa nimechuchumaa sebuleni, navunja mabonge ya udongo kwa chupa ya soda. Tulikuwa tumeuanika juu ya gazeti kando ya kochi, na tangu juzi kila mtu anauzunguka polepole kama mtoto mchanga aliyelala. Mweusi, laini, unanukia mvua. Nikiushika nasikia usingizi mtamu, kama naweza kujilaza humo nikaota majani.

Shida ni kwamba haukuwa udongo wa shamba letu.

Shamba letu limepauka. Mahindi yana miezi miwili na bado yananifika magotini. Majani machanga yanatoka na michirizi myeupe, utadhani kuna mtu anapita usiku akiyapaka maziwa. Mungu anisamehe, mimi nayaona mazuri. Nikipita katikati yake ni kama natembea ndani ya picha ambayo mchoraji aliishiwa rangi.

Bwana shamba alipokuja alishika jani moja akaliinua juani. "Inaelekea zinki imepungua hapa," alisema. "Lakini macho hayatoshi. Tupime."

"Zinki si ndiyo ya mabati?" mama akashangaa. "Kwa hiyo mahindi yangu yanataka kuezekwa?"

Bwana shamba alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Akasema inatakiwa kidogo tu, kama chumvi kwenye mboga: huioni, ila ikikosekana kila mtu mezani anajua. Tuchote udongo huku na huku shambani, tuuchanganye, tuukaushe, tumpe aupeleke maabara.

Baba mdogo alikuwepo, mikono mfukoni. Tangu baba afariki anasema lile shamba limezeeka, bora tufyatue matofali. "Pimeni tu," alisema. "Wakisema udongo umekufa, naleta mafundi." Halafu akanigeukia. "Au unasemaje, Bubu?"

Ndivyo anavyoniita. Mbele yake huwa sisemi.

Kwa kuogopa hayo matofali, mama alichota udongo wa nyuma ya jiko, pale tunapomwaga maji ya vyombo na mavi ya kuku, maboga yanapojiotea yenyewe. Alichota taratibu, akichagua, kama anamtafutia mtoto nguo ya kwenda kwa wageni.

"Mama," nikamwambia nikivunja bonge la mwisho, "si alisema wa shambani?"

"Kwani huo ni wa wapi, wa mwezini?"

"Wa jikoni."

"Kiwanja ni kimoja, mwanangu. Nataka waone ardhi ya baba yako ina uhai. Shemeji atanyamaza."

"Lakini mama, hiyo ni kama kwenda hospitali na damu ya jirani. Watakwambia huumwi, na dawa hupati."

 Halafu akakung'uta gazeti ndani ya mfuko, akaufunga fundo, akaenda kumpa bwana shamba.

Nilipotoka shule nilipitia shambani na ndoo. Nilichota huku, nikachota kule, polepole, mpaka mahindi yakawa kama yananisogelea. Udongo ule ulikuwa mkavu tayari, hauna harufu. Nilifumba macho nikausikiliza kwa vidole, na nikajua haujafa. Una njaa tu, njaa ya kitu kidogo sana, kama mtoto mpole ambaye hata kulia hajui.

Jioni mama aliacha simu yake mezani akaenda kuosha vyombo. Nikaichukua, nikatafuta namba ya bwana shamba, nikakosea herufi, nikafuta, nikaandika tena:

"Shikamoo. Mimi ni binti wa shamba la mahindi yenye michirizi. Udongo aliokupa mama leo si wa shambani, ni wa nyuma ya jiko. Tafadhali usiupeleke. Wa shambani ninao, nimeuficha chini ya kitanda. Mama hana nia mbaya, anaogopa kunyang'anywa shamba. Majibu yakija umwambie yeye kwanza, akiwa peke yake, na umwambie na dawa yake hapo hapo."

Nikatuma. Mama alisema gari la maabara linaondoka kesho alfajiri.

Nikakaa naikodolea simu. Taa yake ikazima, nikaiwasha, ikazima tena. Ujumbe umefika. 

"Unaongea na nani?" mama akaniuliza, anafuta mikono.

"Siongei na mtu, mama."

Akapiga miayo, akaichukua simu, akaingia nayo chumbani kwake, ujumbe wangu ukiwa bado humo. Bwana shamba alikuwa bado hajajibu.