Mwaka wa Pili Kwenye Mabano

Njiwa alikuwa ametua begani mwa askari wa shaba, mbele ya ofisi za wilaya mjini Kakamega, na Mwalimu Namalwa akamfukuza kwa leso kama mtu afukuzaye kuku jikoni. Kisha akasimama kuutazama uso ule. Pua ilikuwa yake hasa, na kovu dogo la nyusi mchongaji Mzungu hakulisahau. Mikono tu ndiyo iliyokuwa ya mtu mwingine.

Uso ulikuwa wa Osundwa, mumewe. Mwaka 1943, akiwa likizoni kutoka vitani, alisimama wiki mbili mbele ya mchongaji yule, kisha akapelekwa Burma. Mwaka uliofuata ikaja karatasi iliyosema haonekani. Haonekani! Neno gani hilo la kumpa mke? Lakini Namalwa alilishika hilohilo. Mara tatu wakwe zake wa Musanda walikuja wakitaka kuzika shina la mgomba badala ya mwili, ili jina lipate kurithiwa, kwa maana kwao mtoto hapewi jina la mtu aliye hai. Mara tatu aliwapikia, wakala, akawasindikiza hadi njia panda.

Sasa ilikuwa 1965, nchi huru, na jopo la wasomi lilikuwa likitunga ensaiklopidia ya Kiswahili. Namalwa alikabidhiwa sanamu za Kakamega. Kanuni ya vichwa vya makala ilikuwa fupi: sanamu ya mtu anayejulikana huitwa kwa jina lake, na kwenye mabano mwaka wa kuzaliwa na wa kufa, asiyejulikana huitwa kwa kazi yake na mji. Namalwa akaandika “Askari wa Kakamega”, akashusha pumzi: hapo hapakuhitajiwa mwaka wa kufa.

Mhariri Mustafa, kijana mpole wa Mumias, alikuja shuleni kuchukua makala. Naye hakuwa mtu wa kuamini karatasi kabla ya kuuliza watu. Alikuwa amepitia sokoni, na wauza ndizi, fundi cherehani, hata polisi wa zamu, wote walimwambia sanamu ile ni Osundwa. Watu huahidiana kukutana kwa Osundwa.

“Osundwa ni nani, Mwalimu?”

“Simjui.”

Mustafa akaitikia, akakunja karatasi, akaanza kuzungumzia mvua. Namalwa hakumsikia. Miaka ishirini na mmoja amemlinda mtu asizikwe, na leo amemkana mchana kweupe! Wajukuu wa nchi hii wangesoma habari za askari asiye na mama wala mke. Alimtamani mumewe wakati ule: kicheko chake, jasho la shati lake, namna alivyomwita kutoka ng’ambo ya shamba kana kwamba wanawake wengine hawakuzaliwa.

Akamwomba Mustafa aifungue tena ile karatasi. Alikuwa amesema uongo, akamwambia. Osundwa ni mumewe, aliyezaliwa 1915.

Mustafa alikata kichwa cha makala kwa mstari mmoja, akaandika Osundwa, akafungua mabano, akaandika 1915 na kistari. Hapo kalamu ikasimama.

“Naweza kuacha wazi, Mwalimu,” alisema taratibu. “Aliye hai huachiwa nafasi.”

Namalwa aliitazama nafasi ile nyeupe. Ilikuwa ndogo mno kwa mtu aliyekuwa akiinama kila alipoingia mlangoni. Na kama yu hai, basi kila siku ya miaka hiyo yote aliamka mahali fulani, akanawa uso, akaamua kutorudi kwake. Osundwa? Aka, Osundwa si wa hivyo.

“Angekuwa hai angekuja,” alisema. “Andika arobaini na nne.”

Mustafa aliandika, akafunga mabano. Akanong’ona, “Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun,” kisha akasema, “Pole sana, Mwalimu.”

“Asante,” Namalwa alijibu. Alimvutia kiti mgeni wake, kwa maana anayekuja kutoa pole haondoki akiwa amesimama.