Siku Benchi Zima Lilipofeli Herufi

Ifahamike kwa wote, wakubwa kwa wadogo, wanaoona na wanaopapasa, kwamba Jumatatu moja asubuhi mji mzima ulipofuka. Upofu huo ulikuja bila homa na bila kubagua: ulimkumba fundi seremala, ukamkumba mwalimu wa hesabu, ukamkumba bibi harusi mtarajiwa pamoja na mama mkwe wake. Tukisema mji mzima, tunamaanisha benchi moja lililokuwa nje ya chumba cha kupimia macho. Na tukisema ulipofuka, tunamaanisha kwamba mpimaji alisema hivyo.

Mpimaji mwenyewe alikuwa mwanafunzi, kijana wa shule ya bweni aliyeletwa hospitalini kwa mwaka mmoja wa mafunzo kazini. Sista mkuu wa kliniki, mama wa mwili mkubwa na sauti ndogo, alimwita Profesa, na hakuwa akimsifu. Miezi ya mwanzo Profesa alibeba mafaili. Iliyofuata aliwatia watu matone ya kupanua mboni, kisha akawashika mikono wasigonge milango. Mwisho akakabidhiwa chati ya herufi. Kazi ilikuwa kukaa kando ya mgonjwa, kumziba jicho moja kwa kijiko cheusi cha plastiki, na kumsikiliza akisoma herufi zilizokuwa kwenye sanduku la taa, mita sita mbele yao. Kijiko alikishika Profesa mwenyewe, kwa sababu mgonjwa akiachiwa ajizibe kwa kiganja atachungulia kati ya vidole, hata awe mtu wa dini.

Alikuwa hodari. Wapimaji wengine waligeuka kutazama chati kila herufi ilipotajwa. Profesa hakugeuka. Alimtazama mgonjwa usoni kwa upole wa hakimu, akasema "ndiyo" au "hapana", na hakukosea hata mara moja. Sista alidhani ni kipaji. Ukweli ni kwamba Profesa hakuona faida ya kugeuka. Kutoka pale kitini aliiona ile E kubwa ya juu. Chini yake kulikuwa na ukungu. Chati yote alikuwa ameishika kwa ghibu kwa kuwasikiliza wenzake wakipima, kama wimbo wa shule, na mwaka mzima hakuna aliyefikiria kumpima mpimaji.

Miwani hakutaka hata kuisikia, na alikuwa na sababu. Kule bwenini yeye ndiye aliyekuwa msajili wa majina ya utani. Kila aliyerudi likizo na miwani alipokewa mlangoni, akasomewa hotuba fupi, akabatizwa Madirisha. Palikuwa na Madirisha wa Kwanza, Madirisha wa Pili, na mmoja wa vioo vinene kupita kiasi aliyeitwa Madirisha ya Benki. Mtu mwenye historia hiyo hawezi kuamka siku moja akavaa miwani. Bora apapase.

Angepapasa mpaka mwaka uishe salama, maana ilibaki wiki moja tu, kama si jicho la bandia. Kliniki ilikuwa na sanduku la macho hayo, na Ijumaa Profesa alichukua moja akalilaza ndani ya bakuli la sukari la chumba cha chai. Daktari wa macho, ambaye maisha yake yote alikuwa akitazamana na macho bila kushtuka, alishtuka mpaka akamwaga chai. Profesa akaadhibiwa kuosha vyombo vyote huku wenzake wakiwa kwenye kikao.

Katika kikao hicho Sista alitoa tangazo moja. Madereva wanaokuja kutafuta cheti cha macho, alisema, wamezoea kuikariri chati kupitia mlangoni wakiwa kwenye foleni. Kwa hiyo Jumatatu atawawekea chati mpya. E ya juu ni ileile, lakini za chini yake zote ni nyingine.

Profesa wakati huo alikuwa anasugua birika, akipiga mluzi.

Jumatatu akaingia fundi seremala.

"Mstari wa nne, mzee wangu."

"K, R, D, V."

"Hapana. Jaribu tena, polepole."

"K. R. D. V. Nikienda polepole zaidi ya hapo nitalala."

"Pole sana," alisema Profesa, kwa sauti aliyoitunza kwa ajili ya misiba. "Huwa yanaanza hivihivi."

Akampeleka kwa daktari. Akaja mwalimu wa hesabu.

"Kijana, hiyo ni K."

"Ndivyo unavyoiona wewe, mwalimu."

"Ndivyo ilivyo!"

"Ndivyo unavyoiona," alirudia Profesa, na akampapasa bega.

Baada ya bibi harusi na mama mkwe wake, ilimpitikia Profesa kwamba vipofu hawa wote wanaona K ileile. Akalitafakari jambo hilo kitaalamu, akahitimisha kwamba wanafundishana huko benchini. Akaongeza ukali.

Ndipo akaingia dereva wa lori. Alikuwa mtu mzima wa shingo nene na viatu vilivyong'arishwa, na alikaa kwenye kiti cha kupimiwa kama mtu aliyeitwa kwa mwalimu mkuu. Cheti chake kilikuwa kimeisha muda. Shemeji yake, ndiye mwenye lori, alikuwa amekuja naye na alikuwa anangoja ukumbini: cheti kikikosekana leo, usukani anapewa mwingine leo.

Dereva alisoma. Profesa akasema hapana. Akasoma tena, jasho likimtoka. Hapana.

"Mwanangu, hebu nitazame mimi. Barabara zote za huku nazijua. Juzi tu kwenye kona nimemwona mbuzi mweusi, na giza lilikuwa limeshaingia."

"Mbuzi alikuwa karibu?"

"Alikuwa mbali. Ndiyo maana yuko hai."

"Pole, baba. Sheria haijui mbuzi. Siwezi kukupitisha."

Dereva aliinuka akatoka. Mlango ukabaki wazi, na sauti yake ikasikika kutoka ukumbini, akiongea kwa simu. "Mama watoto... Hapana, gari halijaharibika. Gari ni zima. Ni mimi."

Profesa alikuwa na mzaha tayari ulimini. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, aliumeza.

Kabla hajamwita anayefuata, Sista aliingia, na daktari nyuma yake.

"Profesa, daktari anauliza hawa watu unampelekea wa nini. Wote wazima."

"Labda wamepona njiani, Sista."

Sista akaketi kwenye kiti cha wagonjwa. "Nipime mimi."

Profesa akamziba jicho kwa kijiko. Sista akasoma mstari wa nne: K, R, D, V. Profesa akainamisha kichwa kwa heshima.

"Sista, sijui nianzie wapi."

"Anzia popote."

"Umri haumwonei mtu haya. Lakini umewahi kuja, na hilo ndilo la muhimu."

Daktari akageukia ukuta, mabega yakimtikisika. Sista hakutikisika.

"Haya. Nisomee wewe."

"N, H, T, P," alisema Profesa bila kusita, kwa mahadhi.

"Umeangalia?"

"Naam."

"Umeangalia na nini, nawe unanitazama mimi? Inuka. Nenda mbele mpaka uione."

Profesa akainuka. Akaipita meza. Akaipita stuli ya watoto. Akasimama pua ilipokaribia kuweka alama kwenye kioo cha sanduku.

"K," alisema.

"Endelea, mwanangu."

"R." Akageuka. "Sista, hii chati..."

"Niliibadilisha ninase madereva wanaokariri. Nimenasa mpimaji." Sauti yake ilizidi kuwa ndogo, jambo lililokuwa baya zaidi. "Nenda kawaambie. Wewe, si mimi."

Ukumbini dereva alikuwa amesimama mbele ya shemeji yake, kiganja kimefunguka, funguo za lori juu yake. Shemeji alikuwa keshampigia simu dereva mwingine.

"Wapendwa wagonjwa," alianza Profesa, mikono nyuma. "Kumetokea hitilafu ndogo ya kitaalamu."

"Hitilafu ya nini?" aliuliza mwalimu.

"Ya kifaa."

Nyuma yake Sista akakohoa.

"Sema kwa lugha ya watu," alisema dereva. "Macho yangu yana nini?"

"Hayana kitu, baba. Ulisoma sawasawa. Wote mlisoma sawasawa."

"Sasa aliyekosea nani?"

Profesa alilitazama benchi. Kutoka pale alipokuwa nyuso zote zilikuwa ukungu, na alishukuru kwa hilo.

"Mimi. Chati nilikuwa nimeikariri, imebadilishwa, na sikujua kwa sababu sioni. Tangu nije hapa sijawahi kuiona."

Shemeji ndiye aliyecheka, kicheko kifupi kisicho na furaha.

"Mpima macho asiyeona! Shemeji, huyu umempa kitu akutetee. Mimi lori langu silitoi kwa maigizo."

"Sijampa hata salamu," alisema dereva. Akafikiri. Kisha akamshika Profesa mkono, akamvuta mpaka dirishani, akamwelekeza uso nje kama mtu anayerekebisha kioo cha pembeni. "Lori lile pale, chini ya nguzo ya umeme. Msomee shemeji yangu namba zake."

Benchi zima likainuka kuja kutazama. Profesa akafuta kioo kwa mkono wa shati. Akakunja macho, akayakunjua, akayakunja tena. Angeweza kubahatisha. Alijua kubahatisha kuliko mtu yeyote mle ndani.

"Baba," alisema, "lori lipi?"